Ushauri wa haraka: gundi gani inashika kichwa kipya juu ya tripodi ya zamani?

Miguu Mitatu
Wakuu habari zenu. Nina tripodi ya zamani, zile nzito za aluminiamu, miguu yake imara kuliko hizi za siku hizi. Tatizo ni kichwa, kile chenye mikono miwili mirefu. Ukikaza kinakubali, halafu kamera inaanza kuinama polepole kama mtu anayesinzia. Nimeshanunua kichwa kipya cha gololi. Kimekaa, ila kinacheza kidogo. Naomba kujua gundi ya kukishikilia moja kwa moja. Nina kazi kesho kutwa. Matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha.

Bi Lenzi
Gundi baadaye. Hicho kichwa kipya juu kina bamba la aina gani, lile linalofungwa chini ya kamera na kubanwa kwenye kichwa? Mimi nilihangaika na bamba tofauti kwa kila kamera mpaka nikahamia mfumo wa Arca-Swiss, wenye kingo za mshazari, upana kama milimita 38. Bamba moja kwenye kamera, jingine kwenye lenzi ndefu, unahamisha bila kugusa skrubu. Ila jaribu kwanza, watengenezaji hawalingani. Bamba la huyu linaweza kulegea kwenye taya za yule.

Miguu Mitatu
Asante dada, ila juu hakuna shida. Shida ni chini, pale kichwa kinapokutana na nguzo ya katikati.

Tupa na Jiliwa
"Kinacheza kidogo" ndiyo nini? Skrubu iliyo juu ya nguzo ni ya kipimo gani? Kwenye tripodi utakutana na mbili: robo inchi, yenye meno 20 kwa inchi, na tatu kwa nane, yenye meno 16. Vichwa vingi vya gololi chini vina tundu la tatu kwa nane. Kama nguzo yako ina robo, unatia kibushi, kile kipete chenye meno ndani na nje, unakaza, umemaliza. Gundi inatoka wapi?

Mzee wa Filamu
Vijana, hivyo vipimo vina umri. Whitworth, Mwingereza, alipendekeza utaratibu wake wa skrubu mwaka 1841. Meno yake yana pembe ya digrii 55, ya Kimarekani 60, lakini kwa robo na tatu kwa nane idadi ya meno kwa inchi ni ile ile. Ndiyo maana tripodi ya babu inapokea kamera ya mjukuu.
Sasa kuhusu kucheza. Siku moja napiga picha za harusi, kila nikigeuza kamera kushoto kumfuata bibi harusi, kichwa kinajifungua robo mzunguko chini kwa chini. Sijui hili wala lile. Nikaja kuinua kamera, ikaja na kichwa chake mkononi, tripodi ikabaki imesimama peke yake kama haihusiki. Tangu hapo, kwanza nakagua vile vijiskrubu vitatu chini ya sahani ya nguzo, vinavyobana kichwa kwa chini. Vikaze, mwanangu.

Miguu Mitatu
Shikamoo mzee. Yangu haina hivyo vijiskrubu. Na sahani pia haina. Skrubu yenyewe ni ya kutengeneza.

Tupa na Jiliwa
Nani kaitengeneza?

Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Endeleeni.

Miguu Mitatu
Mimi. Basi ngoja niseme. Kichwa cha zamani kilikuwa hakifunguki, kimeungana na nguzo. Nikakikata kwa msumeno wa chuma. Ndani ya bomba la nguzo kuna kipande kizima cha aluminiamu, nikakitoboa kwa drili, nikakata meno ya M10, yaani ya skrubu ya milimita 10, nikafunga ile skrubu ya tatu kwa nane. Tofauti ni nusu milimita tu, ndiyo maana nauliza gundi ya kujaza. Na gundi yenyewe nimeshanunua, ile ya mirija miwili, nataka tu mniambie kama inafaa. Siyo kwamba nimekurupuka, nilipima.

Tupa na Jiliwa
Umekurupuka, mkuu. Nusu milimita siyo ugomvi wenyewe. M10 ya kawaida hatua yake kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Tatu kwa nane ni karibu 1.59. Kila mzunguko meno yanaachana kidogo, mpaka yanakabana. Wewe unadhani skrubu imefika mwisho, kumbe imeegemea ncha chache za aluminiamu dhidi ya chuma. Unaweka uzito gani juu?

Miguu Mitatu
Kamera na lenzi ndefu, karibu kilo tatu. Lakini kwa gundi ile wanasema hata chuma kinashika.

Tupa na Jiliwa
Kilo tatu zikiinama pembeni hazisukumi chini, zinabandua. Gundi ikianza kubanduka ukingoni haikutumii salamu. Na ikishika vizuri, siku ukitaka kukitoa hicho kichwa utashika tena msumeno.

Macho Manne
Samahani, nina swali. Mwanzo kichwa "kinasinzia", sasa "kimeungana na nguzo". Kibushi hajawahi kukiona ila nyumbani ana tapu ya kukatia meno ya M10? Mtu mwenye tapu anajua meno. Picha hata moja hakuna. Hii chai.

Siti ya Mbele
Tena ya rangi 😂

Bi Lenzi
Na mimi nilishangaa. Swali langu la bamba hajalijibu mpaka sasa.

Miguu Mitatu
Chai nini? Kinachosinzia ni kiungo cha juu, kilichoungana ni chini, kitu kimoja kinaweza kuwa na magonjwa mawili! Vumbi la aluminiamu liko kwenye soksi zangu mpaka sasa hivi. Tundu lenyewe limeenda upande, nikikikaza kichwa kinagusa nguzo upande mmoja, upande wa pili unapitisha ukucha. Na tapu siyo yangu, ilikuwa kwenye sanduku la shemeji, humo humo ilimokuwa tripodi.

Macho Manne
Tripodi ilikuwa kwenye sanduku la nani?

Miguu Mitatu
La shemeji. Hajaitumia mwaka mzima.

Macho Manne
Nafuta kauli. Mtunga uongo angejipendelea kidogo.

Mzee wa Filamu
Mwanangu, cha kuazima hakikatwi. Hata kama ni chako kesho, leo bado ni cha mwenyewe.

Miguu Mitatu
Mzee, nilikuwa naiboresha. Angeikuta nzuri kuliko alivyoiacha.

Tupa na Jiliwa
Tuachane na ushemeji, tuokoe nguzo. Chukua msasa, sugua rangi ya bomba kuzunguka, kama sentimita mbili chini ya ulipokata. Niambie unaona nini.

Miguu Mitatu
Kuna viduara viwili, vinatazamana. Vidogo kama punje ya mtama.

Tupa na Jiliwa
Hizo ni pini. Ndizo zilizokuwa zimeshika kichwa. Ungezigonga zitoke, kingechomoka kizima na kipande chake.
Sasa zigonge hivyo hivyo, toa hicho kipande ulichokitoboa, peleka pamoja na nguzo kwa mkereza vyuma. Akukereze kipya: chini kiingie bomba bila kucheza, juu kiwe na kisahani cha upana wa kitako cha kichwa, kimenyooka, skrubu ya tatu kwa nane katikati kabisa. Asiiache ndefu, ikigota ndani ya tundu la kichwa kabla kitako hakijakaa, utarudi hapa. Pini zirudi kwenye matundu yale yale. Kazi ya kesho kutwa azima tripodi nyingine, na hiyo usiiguse.

Miguu Mitatu
Kwa hiyo gundi hata kidogo hapana?

Tupa na Jiliwa
Gundishia soli ya kiatu.

Miguu Mitatu
Wakuu, shemeji kapiga simu sasa hivi. Tripodi hajaiulizia. Anaulizia tapu.

Bi Lenzi
Pole. Ila bado hujasema hicho kichwa juu kina bamba la aina gani.