Mchezaji akijitangaza kuwa shoga: mapokezi ya umma yanapimwaje hasa?

Mshika_Kibendera:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba wanaoijua mada hii kwa undani wanisaidie. Jake Daniels wa Blackpool alipojitangaza Mei 2022, akiwa na miaka 17, pongezi zilimiminika kutoka klabuni, kwa wachezaji wenzake, kwa waziri mkuu, hadi kwa Prince William. Lakini ukishuka kwenye maoni chini ya posti hizo hizo unakuta matusi mtindo mmoja, na Waswahili tumo kwa wingi. Ipi ndiyo picha halisi? Na kama pongezi ni nyingi hivyo, mbona tangu Justin Fashanu mwaka 1990 ilibidi ipite miaka 32 kabla ya mwanasoka mwingine wa kiume anayecheza soka la kulipwa Uingereza kujiweka wazi?
Siulizi kama ni dhambi au si dhambi. Uzi huo upo kila wiki.

Kipenga_cha_Pili:
Mkuu, pongezi za siku ya kwanza na matusi ya kwenye maoni, vyote viwili ni vipimo dhaifu. Kuandika neno moja hakumgharimu mtu kitu. Mapokezi yanaonekana pale penye gharama: mechi ya kwanza ya ugenini, mkataba unaofuata, na nani anaishika habari baada ya wiki moja.

Fashanu alianguka kote kutatu. Alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi Uingereza kununuliwa kwa paundi milioni moja, mwaka 1981, kutoka Norwich kwenda Nottingham Forest. Kocha Brian Clough aliposikia tetesi za kwamba anatembelea baa za mashoga, akamzuia kufanya mazoezi na timu. Kwa hiyo adhabu ilitangulia tangazo kwa miaka kadhaa. Oktoba 1990 akaiuzia The Sun habari yake, na hapo ndipo ilipomtoka mkononi. Gazeti la udaku haliishii kwenye sentensi moja ya "mimi ni shoga", linataka mwendelezo. Zikafuata habari za uhusiano wake na wanasiasa na watu maarufu wasiotajwa majina, ambazo baadaye mwenyewe alikubali kwamba zilitiwa chumvi. Ndugu yake John, naye mwanasoka, alimkana hadharani kwenye gazeti la jamii ya watu weusi. Alicheza bado, Torquay, Airdrie, Hearts, lakini hakurudi tena kwenye hadhi ile. Alifariki London Mei 1998.

Kila wakala na kila afisa habari wa klabu wa Uingereza anaijua kesi hii. Sehemu ya ile miaka 32 imo humo.

Winga_Teleza:
Naongezea kwa upande wa utaratibu, maana siku hizi tangazo hupangwa kama usajili.

Kwanza wanaambiwa familia, halafu watu wachache klabuni, baadaye timu nzima, mwisho umma. Mpangilio huu ukigeuzwa ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mwenzako wa chumba cha kubadilishia nguo akisoma kwenye simu kile ambacho hukumwambia, anajiona amefichwa, na waandishi wanamfuata yeye kumuuliza.

Pili ni kalenda. Daniels alicheza mechi yake ya kwanza ya timu kubwa tarehe 7 Mei 2022, siku ya mwisho ya msimu. Tangazo likatoka tarehe 16, hakuna mechi mbele yake kwa wiki kadhaa, kelele zimepata muda wa kupoa. Carl Nassib wa Las Vegas Raiders, timu ya mpira wa Kimarekani (ligi yake ni NFL), alifanya vilevile: Juni 2021, ligi imesimama, video fupi Instagram, basi. Humo humo akatangaza kutoa dola 100,000 kwa shirika linalozuia vijana mashoga na wengine wa jamii hiyo kujiua, na NFL ikaongeza kiasi kama hicho. Vichwa vya habari vya siku iliyofuata vikawa na kitu kingine cha kuandika zaidi ya chumbani kwake. Huo ni ufundi.

Tatu, chombo. Daniels alitumia tovuti ya klabu na mahojiano ya televisheni moja. Maneno yake mwenyewe, mara moja, hakuna "sehemu ya pili wiki ijayo".

Beki_Namba_Tano:
Nakubaliana nanyi kuhusu kalenda, ila msimu ukifunguliwa kuna uwanja, na huko posti za pongezi hazifiki.

Gareth Thomas, nahodha wa zamani wa Wales kwenye raga, alijitangaza Desemba 2009. Machi 2010, akiwa amehamia raga ya wachezaji 13, mashabiki wa Castleford walimwimbia matusi. Mamlaka ya mchezo iliipiga klabu faini ya paundi 40,000, si kwa kuimba, bali kwa kushindwa kuwazuia walioimba. Hiyo ndiyo kanuni: mwenye kiwanja analipia midomo ya watu wake. Kwenye soka ilichelewa. Wimbo fulani wa kuwakebehi Chelsea uliimbwa miaka mingi kama utani, hadi mwanzoni mwa 2022 waendesha mashtaka walipotamka kwamba ni tusi la chuki. Mashabiki wa Nottingham Forest walipouimba Januari 2023, klabu ikatozwa paundi 75,000. Ndiyo, Forest ile ile ya Clough.

Upande wa refa kuna hatua tatu za FIFA: kusimamisha mchezo na kutangaza kwenye spika, kuwaondoa wachezaji uwanjani kwa muda, kisha kuvunja mechi. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba tusi la mashabiki wa Mexico, kwa mfano, ni neno moja linalopigwa kwa pamoja kipa wa wapinzani anapopiga mpira wa goli. Limeisha kabla hujageuka, na walinzi hawawezi kutoa jukwaa zima. Juni 2023 Las Vegas, Marekani wakiongoza 3-0, refa Iván Barton alisimamisha mechi, ikaendelea, likarudi, akapiga kipenga cha mwisho kabla dakika zote 12 za nyongeza hazijaisha. Ni mara chache mno kuona refa akifika huko.

Tusi likitoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwenzake, hatua tatu hazisaidii kabisa, maana refa anadai asikie mwenyewe. Angalieni San Diego Loyal na Phoenix Rising, Septemba 2020, ligi ya pili ya Marekani. Collin Martin, aliyejitangaza tangu 2018, akaitwa neno baya kabla ya mapumziko. Kocha Landon Donovan akataka yule mchezaji atolewe, refa hakumtoa, kocha wa Phoenix hakumtoa. San Diego walikuwa wanaongoza 3-1 na walihitaji ushindi kuingia hatua ya mtoano. Wakarudi kipindi cha pili, wakapiga goti, wakatoka nje. Alama zote zikapotea, msimu ukaisha pale. Mchezaji wa Phoenix alikanusha, ligi ikamfungia mechi sita.

Mchambuzi_wa_Benchi:
Beki, hapo kwenye uwanja nakupa asilimia zote. Ila Kipenga, hoja yako ya mkataba ina tobo.

Watu humtaja Jason Collins, mchezaji wa kikapu wa Marekani, kama ushahidi: alijitangaza Aprili 2013 akiwa hana mkataba, akakaa bila timu hadi Februari 2014, Brooklyn Nets walipompa mkataba wa siku 10. Lakini alikuwa na miaka 34 na hakuwa mfungaji hata siku moja. Senta wa umri huo anaweza kukosa timu hata kama ana wake wanne. Kisa cha Michael Sam, wa mpira wa Kimarekani, ndicho kigumu kukipita. Alikuwa mchezaji bora wa ulinzi, kwa kugawana na mwenzake, katika ligi ngumu kuliko zote za vyuo, akajitangaza Februari 2014 kabla ya timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, na Mei akachukuliwa namba 249 kati ya 256. Hata yeye, maskauti walikuwa na sababu ya mwili mkononi: mfupi kwa beki wa pembeni, mzito kwa nafasi nyingine. Hakuna meneja atakayeandika sababu halisi. Ndiyo maana kipimo cha mkataba hakikupi jibu kwa mtu mmoja, labda ukilinganisha wengi.

Pesa za matangazo zinasema wazi zaidi. Mcheza tenisi Billie Jean King alipofichuliwa kwa kesi ya mahakamani mwaka 1981, wadhamini wake walimkimbia ndani ya saa 24. Wiki ya Nassib, jezi yake ilipanda hadi kileleni mwa mauzo. Hapo mabadiliko yanaonekana bila kubishana.

Kipenga_cha_Pili:
Mchambuzi, sawa, ya Collins nimeyameza.

Mama_Wawili:
Ukimtoa King, wote mmeongelea wanaume. Kombe la Dunia la wanawake 2019, Sweden walipoitoa Canada pale Paris, Magdalena Eriksson alikwenda jukwaani akambusu Pernille Harder, mwanasoka wa Denmark aliyekuwa amevaa jezi ya Sweden. Picha ilizunguka dunia nzima, na hakuna kikao cha dharura kilichoitishwa. Soka la wanaume limebeba mzigo wa kuthibitisha uanaume, ndiyo maana kitendo kilekile kinapokewa tofauti.

Kuhusu Waswahili kwenye maoni: kumbukeni wanaandika kutoka nchi ambako sheria yenyewe inaadhibu, Kenya hadi miaka 14, Tanzania hadi kifungo cha maisha, Uganda tangu 2023 hata kifo kwa baadhi ya makosa. Kumtetea Daniels hadharani kwa jina lako halisi ni hatari ambayo wa Blackpool hana. Waliokaa kimya hujawahesabu.

Halafu wiki ile ile kulikuwa na upande wa pili. Tarehe 14 Mei 2022 Idrissa Gueye wa PSG hakucheza na Montpellier, siku ambayo jezi zilikuwa na namba za rangi za upinde wa mvua. Rais wa Senegal akamtetea. Siku mbili baadaye ndipo Daniels.

Mshika_Kibendera:
Asanteni, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mama Wawili, kwa kichwa cha habari cha Kiswahili ungeandikaje? Naona wengi huandika "akiri kuwa shoga".

Mama_Wawili:
"Akiri" liachie polisi, mtu hukiri kosa. Andika "ajitangaza" au "ajiweka wazi". Kuhusu "shoga", kwa wanawake wa pwani bado ni rafiki wa kike, kwa hiyo kwenye redio msikilizaji wa Tanga anaweza kukuelewa vingine kabisa. "Mpenzi wa jinsia moja" ni refu lakini halina utata. Na weka jina, klabu na nafasi anayocheza kwenye sentensi ya kwanza. Daniels ni mshambuliaji, na siku moja baada ya kumwambia mama yake na dada yake alifunga mabao manne dhidi ya Accrington. Hilo wengi hawakuliandika.