Waandishi wanawake wa Italia: tuzo ipi ya kuifuata?

Ukurasa77
Wadau wa riwaya, naomba mwongozo. Naandaa orodha ya waandishi wanawake wa Italia wa miaka hii, ukimwacha Elena Ferrante ambaye kila mtu anamjua. Nilidhani orodha ya washindi wa Strega, tuzo ya vitabu ya Italia, ingetosha, lakini kuanzia 2004 hadi 2017 hakuna mwanamke hata mmoja. Miaka 14! Hawakuandika cha maana, au kasoro iko kwenye tuzo? Na kama si Strega, nifuate nini?

Wino Mweusi
Waliandika, na waliandika vizuri sana. Angalia kura zinavyopigwa.

Strega ilianzishwa Roma mwaka 1947 na Maria Bellonci na mumewe Goffredo, wakisaidiwa na Guido Alberti, mwenye kiwanda cha pombe ya Strega. Moyo wa tuzo ni watu 400 wanaoitwa Amici della domenica, yaani Marafiki wa Jumapili: waandishi, wahakiki, wahariri na watu wengine wa utamaduni. Wao hupendekeza vitabu, kamati huvichuja vikabaki 12, kura hubakiza vitano, na mshindi hutangazwa Julai. Ni watu wanaojuana, na wengi wana uhusiano na wachapishaji. Ukichapishwa na wachapishaji wakubwa kama Mondadori au Einaudi, unaingia ulingoni ukiwa na kura mfukoni. Mwandishi wa mchapishaji mdogo anaanza kwa kuwatafuta watakaofungua kitabu chake tu.

Marekebisho yapo. Siku hizi hupiga kura pia wasomaji wa shule, vikundi vya kusoma na watu walioteuliwa na taasisi za utamaduni za Italia nje ya nchi. Tena, kama hakuna mchapishaji mdogo au wa kati kwenye vitabu vitano, huongezwa cha sita.

Hata hivyo, hadi 2024 wanawake walioshinda ni 13 tu, wa kwanza akiwa Elsa Morante mwaka 1957. Na kinachoniuma zaidi: watatu kati yao walishinda wakiwa wameshafariki. Bellonci mwenyewe (1986), Mariateresa Di Lascia (1995) na Ada D'Adamo (2023). D'Adamo alifariki Aprili 2023, siku chache tu baada ya *Come d'aria* kuingia kwenye orodha ya 12. Kitabu hicho kilitoka Elliot, mchapishaji mdogo. Kisome, hata kama tuzo ilimkuta hayupo.

Bi Kurasa
Wino umeeleza vema. Mimi nakuongezea jibu la swali lako la pili, ndugu Ukurasa: fuata tuzo ya Campiello.

Campiello hutolewa Venezia kila Septemba, chini ya wenye viwanda wa mkoa wa Veneto. Jopo la wataalamu huchagua vitabu vitano, kisha kazi yao inaisha. Mshindi huamuliwa na wasomaji wa kawaida 300 wa kazi mbalimbali, ambao hubadilishwa kila mwaka na majina yao hufichwa mpaka usiku wa fainali. Mchapishaji hana wa kumpigia simu.

Sasa chukua ile miaka yako 14 uilinganishe. Campiello ilimpa Paola Mastrocola (2004), kisha wanawake wanne mfululizo: Mariolina Venezia (2007), Benedetta Cibrario (2008), Margaret Mazzantini (2009) na Michela Murgia kwa *Accabadora* (2010). Halafu Simona Vinci (2016) na Donatella Di Pietrantonio kwa *L'Arminuta* (2017). Saba, katika kipindi kilekile ambacho Strega haikumwona hata mmoja! Ndiyo maana siafiki kabisa wanaosema vitabu havikuwepo.

Di Pietrantonio ni mfano mzuri. Ni daktari wa meno wa watoto huko Abruzzo, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 2011. Wasomaji wa Campiello walimtambua 2017. Strega ilimfikia 2024, kwa *L'età fragile*.

Tahadhari moja tu: wasomaji 300 hupenda hadithi inayosimulika. Riwaya yenye umbo gumu mara nyingi haifiki mbali pale.

Msomi wa Dirishani
Naona tumesahau njia ya tatu: nje ya Italia.

Ferrante mwenyewe aliingia fainali ya Strega mwaka 2015 akashika nafasi ya tatu. Wakati huo alikuwa anasomwa dunia nzima, na sababu moja ni ya kibiashara kabisa: wenye Edizioni e/o, wachapishaji wake wa Roma, walianzisha Europa Editions mwaka 2005 ili wauze tafsiri za Kiingereza wenyewe. Hawakungoja mgeni aje kununua haki.

Mwandishi Goliarda Sapienza hakuwa na mlango huo. Alimaliza riwaya yake *L'arte della gioia* mwaka 1976, wachapishaji wakaikataa, akafariki 1996. Mumewe, Angelo Pellegrino, aliitoa nzima 1998 kupitia mchapishaji mdogo. Ilipopendwa Ufaransa mwaka 2005, ndipo Einaudi wakaichapisha, 2008.

Ukisoma kwa Kiingereza, tafuta kwa jina la mwandishi, maana majina ya vitabu hubadilika: *L'Arminuta* utaikuta kama *A Girl Returned*. Na ukirudi nyuma hadi *Menzogna e sortilegio* ya Morante, usichukue tafsiri ya 1951, ilikatwakatwa. Chukua ya Jenny McPhee ya 2023, ndiyo kamili.

Ukurasa77
Asanteni sana. Kwa hiyo nisiangalie mshindi peke yake?

Bi Kurasa
Hasa. Kwa Strega, soma majina ya fainali. Mwaka 2018, Helena Janeczek aliposhinda, wanawake walikuwa watatu kati ya watano. 2023 walikuwa wanne. Rosella Postorino na Maria Grazia Calandrone hawakushinda mwaka huo, lakini vitabu vyao havipungukiwi chochote. Na kwenye zile 12 za 2023 alikuwemo Igiaba Scego, mzaliwa wa Roma mwenye wazazi Wasomali, na *Cassandra a Mogadiscio*. Huyo mpandishe juu kabisa ya orodha yako.