Wajukuu wa Bi Mwanahawa 🌴 (safari ya Kisiwani)

ALHAMISI

19:42 Da Zuhura: Assalam alaykum wanafamilia. Safari ya Kilwa ipo palepale, Jumamosi ijayo. Ijumaa tunalala Masoko kwa Salum, asubuhi saa tatu kamili tuko gatini. Kibali cha magofu kinakatwa hapohapo Masoko kabla ya kuvuka, mtu asinicheleweshee watu. Tunaanza kisiwa cha Songo Mnara, tukirudi tunashuka Kilwa Kisiwani. Mchango elfu arobaini kila mtu mzima. Namba ni ileile.

19:51 Da Zuhura: Mkisoma mjibu. Naona tiki za bluu tu.

19:58 Faki: Wslm da Zu. Chakula kimo?

20:01 Da Zuhura: Hujalipa unauliza chakula

20:02 Faki: Ndo nauliza ili nijue kama nilipe 😂

20:31 Mama Rehema: Amina

20:33 Faki: Mama Rehema umeitikia dua gani 🤣

21:10 Idrisa: Kabla ya hiyo elfu arobaini. Ile ya Mafia iliishia wapi?

21:11 Da Zuhura: Idrisa tusianze.

21:12 Idrisa: Sijaanza, nauliza. Tulilala Nyamisati kwenye majamvi. Boti haikutoka, hela ilitoka.

21:15 Da Zuhura: Mwenye boti alishika advansi hakurudisha. Nilisema humuhumu. Panda juu usome.

21:19 Idrisa: Nimepanda. Nimekuta keki ya Rehema na picha za Ijumaa Kareem.

21:20 Faki: Keki ile ilikuwa tamu lakini

21:34 Tunu: Mimi naomba Husuni Kubwa tupewe muda jamani, mara ile tulipitishwa mbio kama tunafukuzwa. Lile bwawa la pembe nane sikulipiga hata picha. Msikiti mkuu sawa, Gereza la Wareno la 1505 sawa, lakini Husuni ndiko alikokaa sultani. Yule msafiri Ibn Battuta kafika 1331 akamkuta al-Hasan bin Sulaiman anatawala. Na Kilwa walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe, nyingine zimeokotwa mpaka Australia 1944!!

21:36 Faki: Kumbe hela ya Kilwa imefika Australia, ya Mafia imeshindwa kurudi Mbagala

21:36 Idrisa: 🤣🤣🤣🤣

21:37 Da Zuhura: *Ujumbe huu umefutwa*

21:40 Da Zuhura: Waliolipa mpaka sasa: hakuna.

IJUMAA

05:47 Salum Masoko: Nilikuwa baharini, nimeona sasa hivi. Dada hiyo saa tatu umeangalia mwezi?

06:20 Da Zuhura: Nimeangalia kwenye simu, Jumamosi jua kali hakuna mvua.

06:22 Salum Masoko: Jua siyo maji dada. Hiyo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana.

06:25 Da Zuhura: Salum usinitie mkosi, wewe shika boti.

09:03 Mjomba Nahodha: Assalam alaykum. Nimesomewa yote. Jumamosi hiyo mwezi ni kumi na tano. Saa nne asubuhi maji yamekupwa, Songo Mnara boti haifiki pwani. Mtashushwa mikokoni mkanyage tope, na Mama Rehema kwa magoti yale hawezi. Tena hili ni kusi, mchana bahari inachafuka. Kisiwani ni hapo tu, hata maji yakipwa mtaroa miguu. Songo Mnara ngojeni maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne yanakuwa yamejaa. Na mkishuka Kisiwani, kabla ya mapicha, mpite kaburini kwa mama. Zuhura, hesabu ya Mafia niletee mimi kabla hujapokea mchango mwingine. Idrisa, huyo ni dada yako.

09:05 Tunu: Sawa mjomba

09:05 Faki: Sawa mjomba

09:31 Idrisa: Sawa mjomba. Samahani.

11:48 Da Zuhura: Nimekusikia mjomba.

11:56 Da Zuhura: Haya. Jumamosi tuende Kisiwani peke yake, au tusogeze wiki moja twende kote kuwili? Jibuni LEO.

12:40 Tunu: Wiki inayofuata nina mtihani

12:44 Idrisa: Mimi hiyo inayofuata ndiyo niko huru

13:15 Faki: Wali wa nazi na pweza, nachangia nazi

14:02 Salum Masoko: Mwenye boti anataka jibu, kuna wageni wanaitaka Jumamosi hiyohiyo. Ni ya mashine, si ya tanga, msije kusema sikusema.

16:30 Mama Rehema: Magoti yangu yamefanya nini?

17:09 Hamisi wa Lindi: Wapendwa nilikuwa sina bando. Da Zuhura nimekutumia arobaini.

17:10 Da Zuhura: Hamisi si umesoma alichosema mjomba!!

17:12 Hamisi wa Lindi: Nimeanzia juu bado sijafika huko

17:26 Da Zuhura: Salum mwambie mwenye boti tunaichukua. Siku nitakwambia.

17:27 Salum Masoko: Dada hawezi kushika boti bila siku