Kadi ya duka: "bila riba miezi 12" maana yake nini hasa?

Kutoka: Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Kuna familia imefika karibuni, inahitaji kitanda, meza na televisheni. Dukani wameambiwa wakichukua kadi ya duka, yaani kadi ya mkopo ya kununulia dukani hapo, watapata punguzo la asilimia 20 siku hiyohiyo, na vitu vikubwa watalipa bila riba kwa miezi 12. Baba ana kazi na soshali (namba ya Social Security). Mama ana soshali lakini hajaanza kazi. Je, kadi ichukuliwe? Mama anaweza kuomba kwa jina lake mwenyewe? Na hiyo miezi 12, kweli haina riba? Naomba hesabu, maana maoni tumeshayasikia ya kutosha.

Jibu: Minneapolis

Marahaba. Naanza na swali la mwisho, ndilo linaloumiza watu.

Kuna ofa mbili ambazo usoni ni mapacha. Moja ni riba sifuri ya kweli: miezi 12 ikiisha na bado unadaiwa dola 120, riba inaanza siku hiyo, na inaanza kwenye hizo 120 tu. Nyingine ni riba iliyoahirishwa. Hii inahesabiwa tangu siku uliyonunua, mwezi baada ya mwezi, inawekwa pembeni bila kudaiwa. Ukimaliza deni lote kabla ya tarehe, inafutwa. Ikibaki hata dola moja, yote inateremshwa kwa mpigo kwenye bili inayofuata. Kadi za maduka huegemea sana hii ya pili.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Tafuta neno dogo la Kiingereza: if. Sheria inalazimisha tangazo la riba iliyoahirishwa liseme kwamba hakuna riba "if paid in full" ndani ya muda fulani. Ukiona if, riba ipo, inakusubiri ukosee. Tangazo likisema 0% APR (riba ya mwaka sifuri) kwa miezi 12, basi, hiyo ni sifuri ya kweli.

Sasa hesabu. Chukua meza na televisheni za jumla ya dola 1,200, miezi 12, riba ya asilimia 29.99 kwa mwaka. Kadi nyingi za maduka siku hizi ziko hapo au juu ya hapo. Mtu analipa dola 90 kila mwezi, hakosi hata mmoja. Mwaka ukiisha amelipa 1,080 na zimebaki 120. Bili inayofuata inakuja na hizo 120, na juu yake riba ya zaidi ya dola 200, kwa sababu imehesabiwa tangu siku deni lilipokuwa 1,200 nzima. Angelipa 100 kwa mwezi asingetozwa hata senti ya riba. Ameponzwa na dola 10 kwa mwezi.

Wengi wanaonaswa si wazembe. Wanalipa kila mwezi, kwa tarehe, kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye bili. Kiwango hicho hakikupangwa kukufikisha mwisho kabla ofa haijaisha. Kwa deni la 1,200 kinaweza kuwa dola 30 au 40 tu. Gawanya mwenyewe, na gawanya kwa 11, si kwa 12: inatoka kama 109, weka 110. Mwezi wa 12 uwe wa akiba, kwa kuwa siku ya ofa kuisha si lazima iangukie siku ya kulipa bili. Ofa inaweza kuisha tarehe 3 na bili ikadaiwa tarehe 15. Anayesubiri 15 amelipa bili kwa wakati na bado amebebeshwa riba ya mwaka mzima. Tarehe ya ofa kuisha lazima iandikwe kwenye kila bili. Itafuteni bili ya kwanza ikifika, muiandike kwenye kalenda ya ukutani.

Jibu: Houston

Mkuu wa Minneapolis kamaliza karibu yote, ila kuna mtego mmoja hakuutaja: kununua vitu vingine kwa kadi ileile.

Sheria ya mwaka 2009, CARD Act, inasema ukilipa zaidi ya kiwango cha chini, ile ziada iende kwanza kwenye salio lenye riba ya juu. Ni sheria nzuri, lakini hapa inageuka. Salio la ofa, kwa wakati huo, linahesabiwa kama halina riba. Kwa hiyo ukinunua mashuka ya dola 200 kwa kadi hiyohiyo, ziada yako inakwenda kwenye mashuka na televisheni inabaki palepale. Miezi miwili ya mwisho tu ya ofa ndipo ziada inapoelekezwa kwenye televisheni, na miezi miwili inaweza isitoshe. Kadi yenye ofa inunue kitu kimoja, kisha ilale kwenye droo mpaka deni liishe.

Kuhusu lile punguzo la asilimia 20: vitu vya dola 150, unaokoa 30, unadaiwa 120. Kwa riba ya asilimia 30 kwa mwaka ni kama dola 3 kwa mwezi, si nyingi. Lakini ada ya kuchelewa mara moja inakaribia dola 30, na punguzo limeliwa lote. Kwa anayelipa bili nzima ikifika, punguzo ni faida halali, achukue. Kwa anayejua atasukuma deni mwezi hadi mwezi, bei aliyolipa si ile iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Angalieni pia kama punguzo linaingia kwenye fanicha na vyombo vya umeme. Mara nyingi haliingii, au lina kikomo, au huwezi kulichukua pamoja na ile ofa ya miezi 12. Keshia hatakuambia, muulize kabla hujatia saini.

Jibu: Dallas

Najibu la mama. Anaweza, kwa jina lake, bila saini ya mume, mradi anatimiza vigezo.

Mwombaji aliyefikisha miaka 21 anaruhusiwa kuandika kipato ambacho ana njia ya uhakika ya kukitumia, hata kama si mshahara wake. Mshahara wa mume unaoingia kwenye akaunti ya pamoja unahesabika. Utaratibu huo upo tangu 2013, ulirekebishwa hasa kwa ajili ya wenzi wanaobaki nyumbani. Aliye chini ya miaka 21 anaandika cha kwake tu, au atafute mdhamini, na si kila benki inakubali mdhamini.

Sheria ya usawa kwenye mikopo ya 1974 inakataza kumnyima mtu kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ameolewa. Marekebisho ya 1976 yakaongeza rangi, dini, asili ya taifa na umri. Ila benki inaruhusiwa kuangalia hadhi yako ya ukaazi. Akikataliwa, ndani ya siku 30 lazima aarifiwe, na ana haki ya kupewa sababu mahususi. Msiitupe barua hiyo. Ikisema "historia ya mikopo haitoshi", kuomba tena wiki ijayo duka la jirani ni kujiumiza, kwa kuwa kila ombi linaacha rekodi inayokaa kwenye ripoti yako ya mikopo miaka 2.

Na anayetoa mkopo kwa kawaida si duka, ni benki iliyo nyuma yake. Kadi ya Kohl's imetolewa na Capital One, ya Nordstrom na TD Bank, ya JCPenney na Synchrony. Ukiwa na tatizo la bili usiende kugombana na keshia, piga namba iliyo nyuma ya kadi.

Ushauri wangu kwa familia isiyo na historia yoyote: waanze na kadi ya dhamana ya benki. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, na hiyo ndiyo inakuwa kikomo chako. Inatumika popote, wakati kadi ya duka isiyo na nembo ya Visa au Mastercard inaishia kwenye kaunta za duka lile tu. Alama za FICO, zinazoonyesha unavyoaminika kukopeshwa, zinahitaji angalau miezi 6 ya historia ili zitoke.

Tena kikomo cha kadi ya duka huwa kidogo. Kikiwa dola 300 na umenunua vya 270, ripoti inaonyesha umetumia asilimia 90, na alama zinashuka hata kama hujachelewa kulipa. Dawa yake ni kulipa kabla bili haijafungwa, yaani kabla benki haijaiandaa, usingoje siku ya mwisho, maana kinachoripotiwa kwa kawaida ni salio la siku bili inapofungwa.

Jambo dogo: kwenye kaunta usitaje soshali yako kwa sauti, foleni nzima inasikia. Omba kuibonyeza mwenyewe kwenye kimashine, au omba kadi nyumbani kupitia tovuti.

Jibu: Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Mawili zaidi. Wakirudisha kitu, inakuwaje? Na binamu yao anaomba aongezwe kwenye kadi.

Jibu: Minneapolis

Kurudisha: fedha zinarudi kwenye kadi, si mkononi. Zinaweza kuchukua siku kadhaa kuingia, na bili ikifika katikati hapo bado unadaiwa kiwango cha chini. Lipa, halafu subiri. Waliopata punguzo la asilimia 20 watarudishiwa bei iliyopunguzwa. Kama ulikuwa umeshalipa na kadi sasa ina salio lako wewe, andika barua uombe fedha zako: benki ina siku 7 za kazi kuzirudisha.

Rejesho lisipoonekana, au ukitozwa kitu ambacho hakikufika, piga simu ukitaka, lakini haki yako inalindwa na barua. Iandike iwafikie ndani ya siku 60 tangu bili yenye kosa ilipotumwa, kwa anuani ya malalamiko ya bili. Anuani ya kutumia malipo ni nyingine kabisa, zote mbili zimechapishwa kwenye bili na watu huzichanganya. Weka jina, namba ya akaunti, kiasi, tarehe, sababu, na nakala ya risiti, nakala tu. Benki ikiri kuipokea ndani ya siku 30, na imalize uchunguzi ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Sehemu yenye ubishi huilipi wakati huo. Sehemu nyingine unailipa kama kawaida.

Binamu: hapana. Akiongezwa kama mtumiaji, anaswipe yeye na deni zima ni la mwenye kadi. Undugu hauonekani kwenye mkataba.

Jibu: Chicago

Marahaba nyote. Haya si mageni. Kabla ya kadi za plastiki maduka ya hapa yalitumia kibati cha chuma, Charga-Plate, kidogo kuliko kadi ya leo, chenye jina na anuani kwa herufi zilizoinuka. Mwuzaji alikibana juu ya hati ya mauzo, jina likachapika. James Cash Penney, mwanzilishi wa JCPenney, ambaye jina lake la kati ni Cash kweli, aliuza kwa fedha taslimu, na kampuni yake haikutoa mkopo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kabla ya 1974 mke alizoea kufunguliwa akaunti kwa jina la mume, akifiwa au akiachika anabaki hana historia yoyote. Ndiyo maana ya ile sheria aliyoitaja wa Dallas.

Kwa familia hii ningetafuta layaway, kama wataipata. Unaweka kianzio, duka linakitunza kitu, unalipa kidogo kidogo, unakichukua ukimaliza. Hakuna riba, hakuna ukaguzi wa mikopo, kuna ada ndogo na faini ukighairi. Siku hizi imebaki kwa wachache. Walmart waliiacha 2006, wakairudisha 2011 kwa msimu wa sikukuu, wakaiondoa tena 2021.

Kilichochukua nafasi yake ni zile programu za kulipa mara nne: robo unatoa siku ya kununua, robo tatu zilizobaki moja moja, kila baada ya wiki mbili. Tofauti ni kwamba kitu unaondoka nacho na deni unaondoka nalo. Wakitumia hiyo, wasiwe na mipango mitatu kwa mpigo, kwa sababu inakata akaunti ya benki siku tofauti, na akaunti ikikutwa tupu benki nayo inaweza kutoza ada yake.

Jibu: Columbus, Ohio

Wameamua. Kitanda na meza kwa taslimu, vya mitumba. Televisheni ya dola 660 kwa kadi ya baba, ofa ya miezi 12. 660 kwa 11 ni 60. Watawasha malipo ya kujiendesha.

Jibu: Houston

Sawa kabisa, ila kwenye kuwasha kuna chaguo tatu: kiwango cha chini, salio lote, na kiasi maalumu. Wachague kiasi maalumu, 60. Baada ya kuwasha, wasome tarehe ya malipo ya kwanza: mara nyingi mfumo unaanza na bili inayofuata, ile iliyokwisha kutoka inabaki mikononi mwao. Hiyo wailipe wenyewe siku hiyohiyo.