Wadi Shab au Wadi Tiwi: maporomoko yapi kwa safari ya siku moja kutoka Maskati?

PwaniRuwi: Assalaam aleikum. Tuko watano, wawili hawajui kuogelea, gari ni saluni. Twende wadi ipi kati ya mabonde haya mawili ya maji?

Mpandamajabali: Wa aleikum salaam. Gari limeshawachagulia: Shab. Barabara namba 17 ni lami hadi Tiwi, kama kilomita 150, mnaegesha chini ya daraja. Boti ya kuvuka ni riyali moja kwenda na kurudi. Muulizeni nahodha ya mwisho ni saa ngapi kabla hamjashuka. Ng'ambo ni mwendo wa dakika 45 hivi, mara mnafuata ukingo wa falaji (mfereji wa kumwagilia mashamba), mara mnapanda mawe yaliyosuguliwa na maji hadi yanateleza kama sabuni. Ndala hazifai. Vaeni viatu vya soli ya mpira mtakavyoingia navyo majini, maana kokoto za chini zinachoma nyayo.

BintiSeeb: Kaka, njia umeimaliza, maji bado. Maporomoko ya Shab yamo pangoni, kwa miguu huyaoni. Unapita vidimbwi kadhaa. Pengine unasimama, pengine hupati chini. Mwisho majabali yanabanana, unabaki mwanya wa kichwa tu: uso juu, mwili majini, unajivuta kwa mikono ukutani. Ndani ndipo maji yanapomwagika. Wasiojua kuogelea waishie kidimbwi cha kwanza, na majaketi ya kuokolea mwilini. Maji yakipanda, nafasi ya kupumulia mwanyani inapungua. Siku hiyo hata hodari asiingie. Mfuko wa simu ujaribuni nyumbani: tia karatasi kavu, zamisha kwenye ndoo.

MzeeWaFalaji: Mimi naitetea Tiwi, watu ni wachache. Ila mpaka kijiji cha Mibam ni fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne: njia nyembamba kati ya kuta, vilima vikali, mkikutana na pikapu mmoja arudi kinyumenyume. Kisha mnashuka kwa miguu kupitia mitende na migomba ya wenyewe, msichume kitu. Penye kamba, ivuteni kwa uzito wote kwanza, jua huiozesha.

PwaniRuwi: Mwezi wa saba je?

BintiSeeb: Hapana, ndugu yangu. Joto linapita nyuzi 40 na mawe yanaunguza viganja. Oktoba hadi Aprili, maji ya kunywa lita 3 kila mtu, mtoke baada ya alfajiri. Ijumaa foleni ya boti ni ndefu.

MzeeWaFalaji: Na hilo la Oktoba lina sharti. Angalieni utabiri wa milimani, si wa Tiwi peke yake. Mawe makavu hayanywi maji. Mvua ikinyesha juu, wadi inajaa huku ufukweni jua linawaka. Mkiona maji yamegeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vinaelea, msirudi kufuata mizigo. Pandeni ukingo ulio karibu, mngoje hukohuko juu.