Naomba ushauri: nyota ya nchi inahesabiwa kuanzia lini?

Habari zenu wadau. Najifunza unajimu wa miji na mataifa, na kuna jambo limenikwamisha. Kwa mtu ni rahisi, unachukua saa aliyozaliwa. Nchi je?

Chukueni India. Ilipata uhuru usiku wa manane wa kuamkia 15 Agosti 1947, Jua likiwa katika nyota ya Simba kwa hesabu ya Magharibi. Ikawa jamhuri 26 Januari 1950, Jua likiwa Ndoo, yaani upande wa pili kabisa wa duara la nyota! Tabia ya taifa hilo niisome kwenye ramani ipi ya nyota? Binafsi naegemea ya uhuru, maana ndipo dola lilipoanza kusimama lenyewe, ila sina msingi imara wa kuitetea.

Baghdad haina shida hiyo: wanajimu wa Khalifa al-Mansur, Mashallah akiwemo, ndio waliochagua saa ya kuanza ujenzi mwaka 762. Lakini London, ambayo wanajimu wa zamani waliiweka chini ya Mapacha, haina saa ya kuzaliwa inayojulikana.

Wazoefu, mnaanzia wapi? Na mji usio na tarehe mnausomaje?