Naomba ushauri: piano ya zamani ipandishwe hadi hezi 440?

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kutyuni piano. Piano ya zamani ya kwaya yetu inasoma hezi 432 (mitetemo kwa sekunde) kwenye noti ya A iliyo juu ya C ya kati, yaani karibu theluthi ya nusu toni chini ya kipimo cha kimataifa cha 440 kinachofuatwa na tarumbeta zetu. Mwenzetu mmoja anataka ibaki hivyo, kwa kuwa Verdi, mtunzi wa opera wa Italia, aliitetea 432 na Ufaransa iliweka 435 kuwa kipimo chake mwaka 1859; mimi naona hoja hiyo haiwasaidii wapiga tarumbeta. Hofu yangu ni nyaya za besi, ambazo zina kutu karibu na pini. Je, zikazwe kwa awamu, au zibadilishwe kwanza?